Ulimi wa Bi Sikudhani

Bi Sikudhani alipofika mwaloni, pale wanaponadi samaki, asubuhi ile, alikuta ameshaanza kuongea.

"Sogeeni, wapendwa," ilisema sauti yake kutoka kwenye kibanda cha bati, na yeye mwenyewe bado anateremka ngazi za udongo, kapu mkononi, hata hajamsalimia mtu. "Kambale huyu ni mkubwa. Ana madini mengi."

Watu wakasogea. Kusema kweli, walikanyagana. Mwanakombo, binti wa mwenyekiti wa mwalo, na tumbo lake la miezi ya mwishoni, alitanguliza kiwiko, akapenya, akamkumbatia yule kambale kifuani kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

Bi Sikudhani alikwisha kuzoea kujikuta mahali kabla hajafika. Mashine ya kibandani, iliyopewa sauti yake, watu waliiita Ulimi, kwa sababu ilikuwa na ukanda wa shaba laini uliochomoka mdomoni mwake, ukamlamba samaki kuanzia shavuni hadi mkiani, ukarudi ndani kutafakari, halafu ukatoa hukumu. Wataalamu walipoileta walitafuta sauti ambayo watu wa Mto Kisaru wangeitegea sikio. Wakaambiwa hakuna ila ya Bi Sikudhani, aliyenadi samaki pale tangu usichana wake mpaka koo likagoma. Wakamkalisha kwenye chumba kilichotandikwa magodoro ukutani, wakamwambia aseme kila neno alijualo. Akasema. Matusi waliyafuta baadaye, na hilo lilimuuma, maana ndiyo aliyoyatamka vizuri zaidi.

"Naona leo mmekuja wawili," alisema Mzee Ngwali, mwenyekiti mwenyewe, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Yule mwenye akili yuko kibandani. Wewe nani?"

"Mimi ndiye nitakayerithi kanzu yako siku utakayokufa."

"Itakubana."

"Nitaipasua nifungie dagaa. Angalau itapata harufu nzuri kuliko sasa."

Wavuvi wakacheka. Ukoo wake na ukoo wa Ngwali walikuwa watani tangu enzi za babu wa babu zao, na hawa wawili walikuwa hawajawahi kuambizana neno la maana hata siku moja. Alipofiwa na mke, Ngwali aliletewa na Bi Sikudhani jogoo mwenye kilemba, akaambiwa huyo ndiye mchumba wake mpya. Ngwali alicheka mpaka akalia, na ndivyo ilivyotakiwa.

Ulimi nao ulikuwa na kazi moja tu: kumjulisha mlaji kabla hajala. Mwanzoni ulisema "metali nzito". Watu wakasikia "nzito", wakakimbilia mizani. Ukajaribu "zebaki", wakauliza zimebaki ngapi. Ukasema "risasi imezidi", na Mzee Ngwali akaitisha mkutano akitaka kumjua mwendawazimu anayewapiga samaki bunduki. Kutwa nzima wavuvi wakawa wanawageuzageuza samaki kutafuta matundu. Ndipo siku moja, bila kufundishwa na mtu, ukasema "madini". Hapo kila mtu akaelewa. Kule kliniki, mkunga wa ukutani, yule wa kwenye kioo asiye na miguu, hachoki kuwahubiria wajawazito wale vyakula vyenye vitamini na madini. Basi madini ndiyo haya, tena mengi, na yametangazwa na Bi Sikudhani mwenyewe.

Naye Bi Sikudhani alijiamini. Nyumbani alikuwa na mkwe, Riziki, mke wa mwanawe Sefu, na mimba ya Riziki ilikuwa ya kwanza kushika baada ya nyingine kutoka. Kila asubuhi alimchagulia kambale mwenye madini mengi kuliko wote, na kila asubuhi alimpa kichwa, kwa sababu kichwa cha samaki hapewi mtu ovyo.

Asubuhi ile, kambale wa kwanza alipochukuliwa na kiwiko cha Mwanakombo, alinunua wa pili, akampa mpita njia ampelekee Riziki, kisha akabaki mwaloni kusikiliza umbea. Laiti angeenda naye.

*

Injinia Koku alikuja na boti inayoendeshwa kwa jua kabla mnada haujaisha. Ndiye aliyeutengeneza Ulimi, na alipita mara moja moja kuukagua. Alikuwa msichana mrefu wa mjini, mwenye adabu za mtu aliyelelewa na bibi.

"Shikamoo, Bi Siku."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula hewa?"

Koku alikuwa akitaka kujibu, lakini nyuma yake Ulimi ulilamba samaki mwingine, ukasema maneno yake, na watu wakakanyagana. Koku akasimama vile vile, mguu mmoja botini na mwingine ardhini.

"Imesema nini?"

"Nimesema ana madini mengi."

"Na kwa nini wanamgombania?"

"Sasa usigombanie madini, ugombanie nini? Ya damu, ya mifupa. Hukufundishwa shule?"

Koku alitoa ule mguu botini. Alizungumza chini chini, haraka, kama mtu anayezima moto bila kutaka jirani wajue. "Bi Siku, si hayo. Ni zebaki. Ile waliyosafishia dhahabu kule juu, kwenye mashimo ya zamani. Ilishuka na mvua ikalala kwenye tope. Vidudu vya topeni vinaila, dagaa anakula vidudu, perege anakula dagaa, kambale anawameza wote. Na ikishaingia haitoki upesi. Kwa hiyo dagaa anayo kidogo tu, hana neno. Lakini kambale mkubwa, mzee, ameikusanya maisha yake yote."

"Ukimkaanga?"

"Haitoki."

"Ukimkamulia ndimu?"

"Haitoki."

"Ukimsomea dua?"

Koku hakucheka. "Mtu mzima inamtetemesha mikono, inampoteza maneno. Lakini mtoto wa tumboni ndiye inayemtafuta. Inampanda kichwani kabla kichwa hakijamaliza kutengenezwa. Bi Siku? Bi Siku, unaenda wapi?"

Bi Sikudhani alikuwa hajakimbia tangu ujana wake. Alikimbia siku hiyo, kanga moja ikaanguka njiani na wala hakugeuka.

Alimkuta Riziki kwenye kigoda, bakuli mapajani, ananyonya kichwa cha kambale kwa utulivu wa mtu aliyejua anachokifanya.

"Nipe hilo bakuli."

"Mama, jana ulinilisha mpaka nikatapika. Leo unaninyang'anya?"

"Nipe, nimesema."

"Kuna mgeni?"

"Kuna sumu."

Riziki akacheka, akaendelea kunyonya. "Wiki iliyopita uliniambia nimemeza mbegu, nitazaa mpapai."

Bi Sikudhani alimpokonya bakuli, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akamwaga kila kitu chooni, nyama, kichwa na mchuzi. Hapo Riziki akaacha kucheka. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa kumwaga hata mchuzi uliolala.

"Na nilichokwisha kula?" aliuliza.

Koku alikuwa amefika mlangoni, anahema, ameshika ile kanga iliyoanguka. "Ukiacha leo, mwili utakitoa. Polepole. Muda upo, dada, lakini si wa kuchezea."

Riziki aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewahesabia kosa lakini hajui aanze na nani.

*

Mchana ule Koku aliufungua Ulimi mgongo. Ndani hamkuwa na ajabu yoyote, nyaya na vijiwe vinavyomeremeta, na jicho dogo la kioo lililotazama nje kupitia tundu la bati.

"Hili jicho linawatazama watu," Koku alieleza. Mzee Ngwali na Bi Sikudhani walikuwa wameinama pamoja naye, na kwa mara ya kwanza hawakutukanana. "Ulimi ukisema neno, watu wakanyamaza, wakageuka, unajua umesikika, unalishika neno hilo. Neno lisilogeuza mtu unalitupa. Tuliufundisha usikike. Hatukuufundisha ueleweke."

"Kama mheshimiwa mbunge," alisema Bi Sikudhani.

"Naweza kuupandikizia neno moja kwa mkono. Niuambie useme sumu."

"Hapana," alisema Ngwali.

Hakusema kwa ukali. Alikaa kwenye ndoo yake, akavua kofia, akaigeuza geuza. "Mnaukumbuka mwalo wa Kitope, kule kwenye kona? Wao waliambiwa sumu. Droni za kuchukua samaki hazikutua tena, si kwa kambale tu, hata kwa dagaa. Waliokuwa na pa kwenda wakaondoka. Waliobaki wanakula nini sasa? Kambale hao hao. Wanamvua kwa kujificha, hakuna wa kumlamba wala wa kumsemea. Sisi mashamba yetu mto ulishayabeba. Ukisema sumu hapa, hakuna atakayesikia 'kambale mkubwa'. Watasikia 'Kisaru', basi. Mimi sina roho ya mamba, Bi Siku. Lakini Sefu wako atavua nini, vyura?"

Bi Sikudhani alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena. Tangu asubuhi mguu wake ulikuwa umekataa kukaa mahali pamoja. Ngwali alisema kweli, na hilo ndilo lililomkera. Kama angekuwa mwongo ingekuwa rahisi.

Kisha akasimama, na uso wake ukaanza kuchanua kwa namna ambayo watu wa Kisaru waliijua na kuiogopa.

"Tusiseme sumu," alisema. "Tuseme kambale mkubwa anamaliza nguvu za kiume."

Ngwali aliinua kichwa. Kwanza alitaka kucheka, halafu akahesabu, halafu akaanza kutikisa kichwa taratibu kukubali. "Kambale wakubwa tu?"

"Wakubwa tu. Dagaa tuseme anaongeza."

"Huo ni uongo," alisema Koku.

"Ni utani."

"Kutoka kwako ni utani. Kutoka kwa Ulimi ni taarifa. Bi Siku, hii mashine imechagua maneno mabaya, lakini haijawahi kudanganya. Ikidanganya mara moja, kesho nitaitoleaje ushahidi?"

"Kwa ukweli wake imemlisha mkwe wangu zebaki. Sasa iache iwaokoe watu kwa uongo wangu. Sauti si ni yangu? Dhambi niandikie mimi."

Koku alishika kidude cha kupandikizia maneno, akakaa nacho, hakubonyeza wala hakukiweka chini. Nje wavuvi walikuwa wakiimba kukokota nyavu. Alimtazama Ngwali, akamtazama Bi Sikudhani, kisha akabonyeza akiwa ameangalia pembeni, kama mtu anayemtoboa mtoto sikio.

*

Loo, siku ile. Ulimi ulimlamba kambale mmoja mnene, ukatafakari, ukasema kwa sauti nzuri ya Bi Sikudhani alipokuwa na meno yake yote: "Wapendwa, kambale huyu anamaliza nguvu za kiume."

Kimya kilianguka mwaloni kama wavu. Mwanamume aliyekuwa amemshika yule samaki alimwachia akaanguka mguuni pake. Mwingine akasema hajawahi kumpenda kambale tangu utoto, na mkewe akasema nyuma yake, "Sasa nimejua." Watu waliinama kwa kicheko. Kufikia jioni kambale wakubwa walilala kwenye mikeka bila mnunuzi, na dagaa walikuwa wakigombaniwa na wazee.

Bi Sikudhani alirudi nyumbani anachezesha mabega. Alimsimulia Riziki kila kitu, na akamwigizia yule aliyeangusha samaki.

Riziki alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akila dagaa, mmoja mmoja, kama dawa. "Mama," alisema, "mimi uliniambia ukweli."

"Ndiyo, si wewe wangu?"

"Na wengine je?"

"Wengine wameacha kununua. Kuna haja gani ya kuwatisha?"

Riziki akachukua dagaa mwingine, na Bi Sikudhani akaenda kulala na swali lile. Alilala vibaya. Kesho yake hakutulia ndani; alizunguka mtaani bila safari, akisalimia watu ambao hakuwa na haja nao. Na kila alipopita, harufu ilimfuata. Si ya dagaa. Aliijua harufu ya mafuta ya kambale kama alivyoijua ya kwapa lake.

Aliingia kwa Mwanakombo bila kubisha. Binti wa Ngwali alikuwa ameketi mkekani, miguu imenyooshwa, mbele yake sinia la kambale wa kukaanga, vichwa vitatu.

"Karibu, Bi Siku. Kula, ni vya bure bure tu tangu jana."

"Nani amekupa?"

"Mume wangu kaleta, kasema yeye hagusi. Hakuna mwanaume anayegusa, mtaa mzima. Tumeachiwa sisi na watoto." Alipasua shavu la samaki kwa kidole, akachagua kipande cheupe. "Mimi nina nguvu gani za kiume za kumalizika? Na huyu wa ndani, mkunga wa ukutani kaniambia ni wa kike."

Bi Sikudhani alikaa chini bila kukaribishwa. Aliona nyumba zote alizopita, kila moja na harufu yake, na ndani ya kila moja mwanamke na watoto wakila haki ya mwanaume aliyeogopa. Kwa uongo wake aliwaondoa wale waliokuwa na hatari ndogo, akawasogezea sinia wale wenye kubwa.

"Mwanakombo, mwanangu, acha kula. Ni sumu. Inaingia kichwani kwa mtoto."

Mwanakombo alicheka kwa upendo. "Wewe na baba hamtapona utani wenu. Mbona Ulimi haujasema?"

"Mimi ndiye Ulimi."

"Wewe ni Bi Siku," alisema Mwanakombo, akala.

*

Mwaloni watu walikuwa wengi, kwa kuwa droni zilikuwa zinasubiriwa. Bi Sikudhani alifika katikati akiwa ameloa jasho.

"Sikilizeni. Hao kambale wana sumu."

"Kambale huyu anamaliza nguvu za kiume," ilisema sauti yake kibandani.

"Si nguvu za kiume. Uongo huo."

"Kambale huyu anamaliza nguvu za kiume."

Watu walishika mbavu. Bikizee anagombana na nafsi yake mwenyewe mchana kweupe, nani angekosa? Mvuvi mmoja alimwambia Bi Siku amwache mwenzake amalize. Mzee Ngwali, machozi ya kicheko yakimtoka, aliita kutoka kwenye ndoo: "Mtani, mmekosana na huyo wa kibandani? Mimi nitamwoa yeye."

Ngwali alijua ni sumu, lakini kuhusu wake na watoto hakujua; yeye pia aliona mikeka imejaa, akaamini kazi imekwisha. Bi Sikudhani alifungua mdomo kumjibu. Jibu alikuwa nalo, tena tamu, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Alijua akilitoa watacheka, na wakicheka wataenda zao, na Mwanakombo atamaliza kile kichwa cha tatu.

Akatembea mpaka mbele ya ndoo. Akapiga goti kwenye tope na magamba, akaweka mikono pamoja.

"Shikamoo, Mzee Ngwali," alisema.

Kicheko kilikatika. Hakikuisha, kilikatika, kama kamba. Aliyekuwa anapiga kasia aliliacha likining'inia. Watu wote mwaloni waligeuka, kwa sababu hakuna aliye hai aliyewahi kumsikia mtu wa ukoo wa Bi Sikudhani akimpa mtu wa ukoo wa Ngwali shikamoo, rika moja, watani, tena kwa goti. Kule kibandani, jicho dogo la kioo lilizunguka likawatazama.

Ngwali aliutafuta mzaha usoni mwake, upande huu na upande ule, akaukosa.

"Bi Siku," alisema polepole, "nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado. Nimetoka kwa Mwanakombo. Anakula wale kambale tuliowatupa. Wanawake wote wanakula, na watoto. Ile ya nguvu za kiume niliitunga mimi, na wewe ulikuwapo. Ni sumu, Mzee. Inaharibu akili ya mtoto tumboni. Dagaa hana neno, perege mdogo hana neno, kambale mkubwa ni sumu. Na huyu mjukuu wako ni wa kike."

Ngwali aliitazama mito miwili ya maji ya tope ikichuruzika kwenye kanga ya Bi Sikudhani, akautazama mto wenyewe, akatazama juu kule droni zitakakotokea. Kisha akainuka. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa amekaa.

"Marahaba," alisema.

Ukaondoka utani wa babu wa babu zao, hivyo tu, kwa neno moja. Bi Sikudhani aliusikia ukiondoka.

Ngwali alimwinua kambale mkubwa kuliko wote kwa mikono yake miwili, akambeba mpaka kibandani, akamlaza mbele ya mashine. Shaba ikatoka, ikamlamba kutoka shavuni hadi mkiani, ikarudi ndani. Ulimi ulitafakari kwa muda mrefu kuliko kawaida. Koku alikuwa mjini, hakuna aliyeugusa.

"Shikamoo," ulisema Ulimi, kwa sauti ya Bi Sikudhani, ile ile ya gotini. "Kambale huyu ni sumu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu la kambale alilishusha chini taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono.

*

Droni zilikuja, zikasikia shikamoo mara kadhaa, zikaondoka na makasha matupu. Tangu hapo zinakuja kwa kusitasita. Siku nyingine zinachukua dagaa, siku nyingine zinazunguka juu na kwenda zao. Sefu ameshona wavu wa matundu madogo na halalamiki mbele ya mama yake. Mzee Ngwali anamlaza dagaa mbele ya Ulimi kila asubuhi, anasubiri usikike ukisema hana neno, halafu anamla hapo hapo mbele ya watu, na Bi Sikudhani anakula upande wa pili. Wanasalimiana vizuri. Inauma.

Mwanakombo amejifungua. Mtoto analia, ananyonya, anashika kidole. Mengine yanasubiriwa, na kila anayempakata anamtazama machoni kwa muda mrefu kupita adabu.

Na pale Kisaru salamu imeharibika. Ukimpa mtu shikamoo barabarani, kabla hajaitikia anaangalia kwanza alichoshika mkononi.

Jioni moja Bi Sikudhani alirudi kutoka mwaloni, akamkuta Riziki mlangoni, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia.

"Shikamoo, Mama," alisema Riziki, kama alivyosema kila siku ya ndoa yake.

Bi Sikudhani alitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Aliigeuza, akatazama na upande wa pili, ndipo akaitikia.